Mlango wa Kukunja

Orvin Tveit akitaka ugomvi uishe, hapigi kelele. Anavua mashine zake za masikio, moja baada ya nyingine, anaziweka mezani mbele ya mtu anayegombana naye, kisha anaondoka. Baada ya hapo sema utakacho. Unazungumza na ukuta.

Siku hiyo aliziweka juu ya meza ya gari-nyumba saa nane na nusu mchana, katika kambi moja ndani ya Hifadhi ya Glacier, Montana. Mbele yake alikaa binti yake Karla, miaka arobaini na saba, dereva wa basi la shule kule North Dakota. Karla alikuwa ameliendesha gari lile la futi thelathini siku mbili mfululizo, upepo ukilisukuma ubavuni, ili baba yake aione milima mara moja zaidi kabla magoti hayajamkatalia kabisa.

Ugomvi ulikuwa wa chupa. Orvin na mkewe Ardis walikuwa na desturi ambayo nusu ya wastaafu wanaozunguka Marekani kwa magari ya namna ile wanayo: ukifika kambini, kabla hujachomeka umeme, unatundika nje ya dirisha chupa nyekundu ya maji ya sukari, ili vile vindege vidogo vinavyovuma mabawa kama nyuki vije vinywe. Ardis alifariki mwezi Machi. Chupa ilisafiri nao, imeviringishwa kwenye taulo la Ardis, na walipofika tu Orvin aliitundika.

Karatasi ya njano waliyopewa langoni haikuzungukazunguka. Hakuna chakula nje, hakuna takataka nje, hakuna bakuli la mbwa nje, hakuna chupa ya ndege nje. Milango na madirisha yafungwe mnapoondoka. Hapa ni kwa dubu. Karla aliisoma kwa sauti mara mbili.

"Ni sukari kidogo tu," Orvin alisema. "Dubu ana shida gani na sukari ya ndege?"

"Dubu anakula hata dawa ya meno, Baba."

"Mama yako aliitundika hapa hapa mwaka themanini na tisa, na hakuja dubu wala shemeji yake dubu."

"Mwaka themanini na tisa ulikuwa unaendesha bila mkanda pia."

"Na nipo."

"Ishushe, Baba."

"Ndege wake watakuja wasiikute."

Hapo Karla akasema neno ambalo hakupaswa kulisema. "Hao ndege hawamjui Mama. Mama amekufa. Hakuna ndege anayemsubiri hapa."

Orvin alitoka, akaishusha chupa, akaja kuiweka kwenye sinki. Zikafuata mashine za masikio, ya kushoto, kisha ya kulia, kisha miwani. Akasema kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia mwenyewe, "Naenda kulala. Na sitoki humo mpaka uniombe radhi!" Akaingia chumba cha nyuma, akavuta mlango wa kukunja. Ulikuwa mlango wa plastiki, mwembamba kama jalada la daftari, unaoshikwa na sumaku mbili tu.

Karla alichukua taulo akaenda ziwani. Alikuwa na hasira, na jua lilikuwa kali, kwa hiyo aliuacha mlango mkubwa wa gari wazi, umeshikizwa kwa ndoano kwenye ubavu wa nje ili baba yake apate hewa, akafunga ule wa wavu peke yake. Juu ya jiko aliacha kikaango chenye mafuta ya nyama ya asubuhi. Aliyeshika karatasi ya njano alikuwa yeye, na aliyeacha mlango wazi alikuwa yeye.

Alikaa ziwani saa nzima. Mwanzo aliamua kwamba haombi radhi. Kisha akaamua ataomba, lakini baada ya chakula cha jioni, ili mzee asidhani ni rahisi.

Aliporudi, aliwakuta watu wawili wamesimama katikati ya njia ya changarawe, wakilitazama gari lake. Mmoja alikuwa Duane, jirani yao kutoka Texas, ameinua simu anapiga picha. Mwingine alikuwa Wilma, mstaafu wa miaka sabini na kitu ambaye hukaa kambini majira yote ya joto kama mwenyeji, akizunguka na kigari cha umeme kuhakikisha watu hawachomi moto ovyo.

"Dada," Duane alisema bila kushusha simu, "mna mbwa mkubwa kweli."

"Hatuna mbwa."

"Basi."

Mlango mkubwa ulikuwa umefungwa. Kipande cha wavu kilikuwa kimening'inia chini yake, kimechanika kama soksi.

"Alipita kwenye wavu," Wilma alisema. Alikuwa akizungumza polepole, mkono mmoja kwenye redio ya kiunoni. "Ukaja upepo, mlango ukachomoka kwenye ndoano, ukajifunga nyuma yake. Sasa hajui pa kutokea. Nimeshapiga redio. Nilidhani nyote wawili mko ziwani."

Karla alitazama dirisha la nyuma. Pazia lilikuwa limefungwa.

"Baba yangu yumo," alisema.

Duane akashusha simu.

Wilma alizungumza na redio tena, haraka safari hii, kisha akaining'iniza. "Askari wa hifadhi ana dakika arobaini. Yuko juu huko kwenye kona, watu wamesimamisha magari kutazama mbuzi wa mlimani, barabara imeziba. Mpigie mzee simu. Mwambie asifungue mlango wa chumba."

"Hasikii."

"Basi tupige honi," Duane alisema.

"Nimesema hasikii! Mashine zake za masikio ziko mezani. Na huyo mwenye kucha yuko mezani."

"Na honi itamtia wazimu dubu," Wilma aliongeza. "Usiguse honi ya mtu, Duane. Na wala usipige kelele."

Karla alizunguka kwa mbali mpaka mbele ya gari, akachungulia kupitia kioo kikubwa cha dereva. Dubu alikuwa amesimama kwa miguu miwili penye sinki, mweusi, mgongo umejaa jikoni nzima. Mtu aliyemwona barabarani angesema ni wa wastani. Ndani ya jiko lile hakuwa wa wastani. Alikuwa ameibana chupa nyekundu kwa mikono miwili, anaitafuna. Unga ulikuwa umemwagika kila mahali. Kutoka kwenye mkia wake mpaka mlango wa kukunja palikuwa na hatua mbili za mtu mzima.

Dubu aliidondosha chupa, akageuka, akagonga meza kwa nyonga. Sahani zikaanguka. Gari zima likatikisika.

"KARLA!"

Sauti ilitoka nyuma ya pazia, kubwa, ya mtu aliyeamshwa. Orvin hakuwa amesikia kitu, lakini mtikisiko ulimpata mgongoni.

"Umerudi, eh? Haya, vunja! Vunja vyombo! Mama yako naye alikuwa hivyo hivyo, akikasirika ni masufuria!"

"Anazungumza na nani?" Duane alinong'ona.

"Na mimi," Karla alisema.

Dubu alikuwa ameganda, masikio yamesimama, uso umeelekea kule sauti ilikotoka.

"Na sitoki!" Orvin alipaza. "Nilisema sitoki mpaka uombe radhi, na ninajua hujaomba, kwa sababu ungeomba ungekuja kunigusa bega! Endelea tu!"

Maisha yake yote Karla alikuwa amemwomba Mungu ampunguzie baba yake ukaidi. Sasa alisimama nyuma ya boneti, akabana meno, akaomba aongezewe.

Dubu alisogea hatua moja. Akanusa chini ya mlango wa kukunja. Kisha akainua mkono mmoja, akaukwaruza mlango taratibu mpaka ukatikisika, kama mtu anayepapasa kujua kitambaa ni kizito kiasi gani.

"Usinibishie hodi!" Orvin alisema. "Sema radhi!"

Karla alirudi kwa Wilma akikimbia kwa ncha za vidole. "Askari angekuwepo, angefanya nini?"

"Angefunga kamba kwenye mpini wa mlango mkubwa, asimame mbali, avute, amwachie njia. Dubu akiona mwanga atatoka. Kwa kawaida. Lakini askari ana bunduki, mimi nina hii." Alionyesha kopo la pilipili ya kupuliza.

"Kamba?"

"Ninayo ya mashua," Duane alisema, na tayari alikuwa anakimbia. Alirudi nayo, nene, ya bluu, mita kumi na tano hivi. "Nani anaifunga?"

Karla alitazama mlango, kisha kamba.

"Dada, mimi nina mgongo mbovu," Duane alisema.

"Sikukuuliza. Lete."

Karla alitembea ameegemea ubavu wa gari, kamba begani. Amewahi kulitoa basi lenye watoto hamsini kwenye barafu, lakini barafu haina kucha. Mlango ulikuwa na kidirisha kidogo cha kioo chenye ukungu, na katika ukungu ule kitu cheusi kilipita, kikarudi, kikapita tena. Alisikia pumzi. Alinusa siki, mafuta yaliyoungua, na harufu nyingine nzito, ya zizi lililolowa. Akapitisha kamba kwenye mpini, akafunga fundo la kwanza. Kamba ikateleza. Akalifungua, akafunga upya, mara mbili, akalivuta kwa meno.

Wakati huo baba yake akasema, "Karla. Mwanangu."

Sauti ilikuwa imeshuka. Kwa Orvin kushuka ni kiasi cha mtu wa kawaida anayeita mbuzi, kwa hiyo kila neno lilimfikia pale alipokuwa amechuchumaa.

"Ulichosema ni kweli. Hakuna ndege anayemsubiri. Ni mimi." Dubu alikuwa ameacha kukwaruza. "Kila tukifika mahali natundika ile chupa kwa sababu sijui kitu kingine cha kufanya nikishazima injini. Yeye ndiye aliyekuwa anasema tufanye nini. Miaka hamsini na mbili nimeambiwa cha kufanya. Sasa nafika, nazima injini, nakaa."

Karla hakuwa amemsikia baba yake akisema maneno mengi hivyo kwa pamoja tangu mazishi, na hata mazishini hakusema.

"Wewe umechoka kuendesha, nami nakuletea ukaidi. Nilitaka uniombe radhi wewe. Basi naomba mimi. Acha kuvunja vyombo, mama. Nakuja tunywe kahawa."

Kitanda kililia. Orvin alikuwa anainuka.

Karla anayajua magoti ya baba yake. Atajivuta mpaka ukingoni, atashusha mguu wa kulia, apumzike, ashushe wa kushoto, apumzike, kisha atashika kabati na kusimama. Ni dakika moja, labda na nusu. Baada ya hapo ni sumaku mbili.

Kuvuta kamba sasa hivi? Dubu alikuwa amegusa mlango wa kukunja kwa pua. Akishtuka upande wa mbele, salama. Akishtuka upande wa nyuma, atapita katika plastiki ile kama alivyopita kwenye wavu.

Aliwatupia Wilma na Duane ncha ya kamba. "Nikisema vuteni, vuteni!" Kisha akakimbia nyuma ya gari.

Chini ya kitanda cha chumba cha nyuma kuna buti ya mizigo, yenye kifuniko chake nje, ubavuni, mita tatu hivi kutoka mlangoni. Karla alikiinua. Akatupa nje viti vya kukunja, mpira wa maji, ndoo. Akalala chali, akajisukuma ndani mpaka kiunoni, miguu ikabaki nje kwenye changarawe. Juu ya uso wake ilikuwa mbao ya kitanda. Juu ya mbao, godoro. Juu ya godoro, baba yake, anashusha mguu wa kushoto.

Mkono wake uligusa spana ya magurudumu. Akaishika, akaipiga mbao ile kwa nguvu zake zote.

Kitanda kikanyamaza.

Akapiga tena. Na tena.

"Nini?" Orvin alisema juu yake. "Nini hii? Karla? Umeingiaje chini?"

Akapiga.

"Nimekuomba radhi, mtoto wewe! Mtu anakuomba radhi unampiga matako?" Mbao ikashuka kidogo. Amekaa tena. Kishindo kikamjibu kutoka juu, ngumi ya Orvin kwenye godoro. "Haya! Piga! Na mimi napiga!"

Karla alipiga, Orvin akapiga. Na ndani ya ule ugomvi, kupitia sakafu, Karla alihisi uzito mwingine ukirudi nyuma: hatua moja ya kuyakimbia makelele, kuelekea mbele. Ya pili.

"VUTENI!"

Alisikia mpini ukiachia na mlango ukipiga ubavu wa gari. Kisha hakusikia kitu. Akaendelea kupiga. Jasho na vumbi vilimjaa machoni. Gari likainama upande wa mlango, polepole, ngazi ya mlango ikalia, kisha likainuka kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Karla," Wilma alisema kutoka mbali, kwa sauti nyororo kabisa. "Usitikise miguu."

Aliacha kupiga. Changarawe ilikuwa inasagika, karibu. Kitu kilimvutia pumzi kwenye soli ya kiatu cha kushoto, kikaitoa, joto likapita kwenye kifundo cha mguu. Kikavuta tena. Unga, alifikiri. Nimekanyaga unga asubuhi nikipika. Alifumba macho ingawa buti ilikuwa na giza tayari. Juu yake ngumi ya baba yake ilipiga mara moja, kwa nguvu, ikidai jibu.

Mguno mfupi, changarawe ikaruka. Matawi yakavunjika kule msituni, mbali, kisha mbali zaidi.

"Ameenda!" Duane alipiga yowe. "Ameenda, dada! Ameenda na taulo la jikoni!"

Karla alijikokota nje, akasimama. Alipanda ngazi ya mlango wakati ule ule sumaku zilipoachia. Orvin alitokea, soksi miguuni, nywele zimesimama, bila miwani. Alikunja macho akitazama jikoni. Friji lilikuwa wazi. Mayai yalikuwa ukutani. Kiti kilikuwa kimetoa sponji, na katikati ya zulia palikuwa na rundo la kinyesi.

"Karla," alisema. "Hasira hizi, mwanangu, si za kawaida. Inabidi umwone daktari."

Karla alimshika mkono, akaugeuza mlango wa kukunja upande wa nje, akaviweka vidole vya baba yake pale. Mistari minne, usawa wa kifua. Mmoja ulikuwa umetoboa mpaka upande wa pili.

Orvin aliifuata mistari yote kwa vidole, toka juu mpaka chini. Aliirudia. Kisha akakaa juu ya sponji, pale pale, mikono imelegea mapajani.

"Nilikuwa nakaribia kufungua," alisema.

Mashine moja ya masikio ilipatikana kwenye sukari. Ya pili ilikuwa imetafunwa. Karla aliifuta ile nzima kwa shati lake, akamvalisha mwenyewe, kama mtu anavyomvalisha mtoto kofia. Ilikuwa inapiga filimbi tu, haimsaidii kusikia.

"Kumbe yale maneno nimemwambia dubu," Orvin alisema.

"Nimeyasikia."

"Unasema?"

"NIMEYASIKIA!"

"Sote tumeyasikia, mzee!" Duane aliitikia kutoka nje.

"NA MIMI NAOMBA RADHI, BABA! SIKUPASWA KUSEMA VILE!"

Orvin alimtazama mdomo, akakunja uso. "Unasema?"

Akarudia, kwa sauti iliyofika ziwani. Watu wa kambi ya pili wakasimama kwenye viti vyao. Orvin akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, na Karla akaona, kwenye kona ya mdomo wake, kwamba alikuwa ameelewa tangu mara ya kwanza.

Askari wa hifadhi alifika saa kumi na nusu, kijana mrefu, buti zimejaa vumbi. Alitazama wavu, chupa, kikaango. Aliuliza nani aliacha mlango wazi.

"Mimi," Karla alisema.

Aliandika. Hakumgombeza, na Karla angependa amgombeze. "Tutaweka mtego hapa leo," alisema. "Dubu akishajua kuwa ndani ya magari kuna sukari, huwa anarudi. Akirudi kutafuta chakula cha watu, hatuna mahali pa kumpeleka. Inabidi tumpige risasi."

"Anasema nini?" Orvin aliuliza.

Karla alimwambia, sikioni, kwa sauti ya kawaida ya kupayuka. Orvin alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliinuka, akashika kabati, akaingia chumbani, akarudi na taulo la Ardis na chupa ya dawa ya kufanyia usafi.

"Basi asikute kitu," alisema.

Walianza na ngazi, wakaja mlangoni, wakaja sakafuni. Karla alimwaga maji, Orvin akasugua. Wilma alileta ndoo nyingine na brashi ya choo. Duane alitumwa kuchimbua changarawe yote iliyodondokewa na sukari, akapewa mfuko, akalalamika juu ya mgongo wake, akachimbua. Kila walipodhani wamemaliza, Orvin aliinama na kunusa kama mbwa, akaonyesha kwa kidole.

"Hapa bado."

"Hapo tumesugua mara tatu, Baba."

"Unasema?"

"NIMESEMA SOGEA!"

Akasogea, na Karla akapiga magoti kando yake.